Rangi ya Meli

Mpaka leo muuza rangi akinifungulia kopo na kuniambia, "Hii iko muzuri, mama, inang'aa," mimi humuuliza imetiwa nini. Vijana wa dukani hunicheka. Acha wacheke. Siku hizi watu husema kwamba kuna rangi zenye madini ya risasi, kwamba mtoto asilale katika chumba chenye rangi mbichi, kwamba madirisha yafunguliwe. Wanasema kana kwamba wamegundua wao. Hapa Kisangani mambo hayo yalijulikana tangu miaka ya hamsini, na waliojua walituona tukipaka, wakanyamaza.

Papa, baba yangu, alikuwa karani katika karakana ya meli, pale mtoni, na alitaka kadi. Wakati ule Mkongomani aliyesoma aliweza kuomba kadi ya kuonyesha kwamba amestaarabika, na kabla hajapewa, wazungu wa tume walikuja nyumbani kwake kukagua. Waliangalia uma na visu, choo, vitanda, kuta. Watu wazima, wenye mama zao, walikuja kufunua shuka za mama yangu ili waone kama sisi ni watu. Nikiikumbuka siku hiyo damu inanichemka.

Mama alikuwa binti wa wavuvi wa maporomoko, na kuta zetu alizipaka mwenyewe kwa udongo mweupe wa ukingoni. Aliuloweka, akauchuja kwa kitambaa, akaupaka kwa kiganja. Akianza asubuhi, wakati wa kuponda lituma, ndizi zetu za mchana, chumba kilikuwa kimekauka, nacho kilinukia mvua. Lakini Papa aliuona udongo ule ni aibu.

"Muzungu akiegemea ukuta, atatoka na unga ku mugongo," alisema. "Bon, kadi imekwisha."

Akaomba kwa mkubwa wa karakana, mzungu, makopo mawili ya rangi nyeupe ya mafuta iliyopakwa vyumba vya meli. Mkubwa yule alimpa kwa tabasamu na hakumwambia neno. Papa alipaka kuta, milango, na ubao wa chini wa dirisha, akafunga kila kitu ili vumbi la barabarani lisishike. Tukakaa humo na harufu ile, vichwa vikituuma, macho yakitoka machozi. Papa alipita akipapasa kuta kwa upande wa mkono, akifurahi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ndiyo kwanza anaota meno. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kumtunza ilikuwa kazi yangu. Nilimsimamisha kitandani, karibu na dirisha, naye akashika ubao kwa mikono miwili na kuutafuna. Alinyamaza kabisa. Nikaulamba mimi pia nione kuna nini: ulikuwa mtamu. Basi kila alipolia nilimpeleka pale, nikaenda kucheza. Mimi ndiye niliyemsimamisha. Sijawahi kujisamehe kwa hilo na sioni kwa nini nijisamehe.

Baada ya majuma machache alianza kutapika. Tumbo likawa gumu, choo hakipati, midomo ikapauka. Mama alimfunga mgongoni, tukaenda naye kwenye zahanati. Muuguzi, tonton, yaani mzee mmoja mpole aliyetoka Maniema, alimfunua mdomo kwa kijiko, akaona vipande vyeupe katikati ya meno.

"Nyumba yenu mulipaka rangi gani?"

"Ya meli," mama akajibu.

Muuguzi akaweka kijiko chini. Jioni ile ile alikuja kwetu mwenyewe, akasimama mbele ya Papa.

"Wapakaji wa rangi kule karakana, kila siku wanapewa maziwa. Unafikiri ni juu ya nini?"

 Barua za kuagiza maziwa hayo aliziandika Papa mwenyewe, kwa mashine, na siku zote aliamini ni zawadi ya mkubwa kwa watu wake.

"Ile rangi iko na risasi ndani, maziwa ni dawa ya ile sumu. Kwangua dirisha leo, toa vumbi yote inje, mutoto alale fasi ingine."

"Tume inakuja juma kesho," Papa akasema. "Donc, nitakwangua wakiisha kupita."

"Na mutoto?" mama akauliza.

"Mumukataze kuuma."

Mumkataze! Mtoto asiyejua hata kutembea! Nilimpenda Papa, na siku ile nilimchukia, na vitu hivyo viwili vimekaa ndani yangu mpaka sasa bila kupatana. Mama alitundika khanga juu ya ubao, lakini Papa aliiondoa. Alisema inaficha kazi.

Wakaja watatu. Mmoja alipitisha kidole kwenye dirisha, akakitazama, akasifu. Mdogo wangu alikuwa mikononi mwa mama, na weupe midomoni, maana nilikuwa nimemtoa pale wakati huo huo. Yule mzungu akatoa leso yake safi, akampangusa, akasema kwa Kifaransa kwamba ni vizuri, mtoto wa nyumba hii anakunywa maziwa. Nilikuwa nasoma kwa masista, nilielewa kila neno. Papa naye alielewa.

"Oui, monsieur," akakubali.

Siku mbili baadaye mdogo wangu alishikwa na degedege, akalazwa hospitali. Aliporudi, kadi ilikuwa imefika. Papa alivua shati lake jeupe, akachukua panga, akakwangua dirisha kutwa nzima, kisha milango, kisha kuta, mpaka vidole vikatoka damu. Mama hakumsaidia. Alikwenda mtoni kuchimba udongo.

Mdogo wangu hakufa. Ni bibi kizee sasa, anakaa kwangu, namlisha na kumvisha. Kabla ya rangi ile alikuwa na neno moja tu, "papa", na alilisema kwa kelele kila mlango ulipofunguliwa. Baada ya hospitali hakusema neno lolote tena. Papa aliishi miaka mingi, na kila jioni alipotoka kazini alisimama mlangoni kwanza, kofia mkononi, akimtazama mdogo wangu mdomoni, akingoja.