Yungiyungi Langu na Misa ya Jumuiya

Majina ya wote waliokuwepo siku ile ninayo kichwani, hadi la ng'ombe wa jirani, lakini siyaandiki. Hapa Kibaoni tunakutana kila siku sokoni, na mimi bado nataka kuuziwa dagaa.

Binti yangu aliniletea mizizi ya yungiyungi kutoka Mpanda, imo kwenye ndoo. Akasema, "Mama, weka kwenye kile kidimbwi cha bata. Yanatoa maua meupe makubwa." Mimi kusikia meupe, nikawatangazia akina mama wa jumuiya: zamu ya misa kusomwa nyumbani kwangu ikifika, altare itapambwa kwa maua ya majini, si yale ya plastiki yenye vumbi la tangu enzi za padri aliyetangulia. Nilisema kwa sauti, wote wakasikia. Ikawa ahadi.

Shule niliishia darasa la pili, ila mpunga naujua. Basi nikayapanda kama mpunga: nikavuruga tope kwa miguu, nikapanga mistari, nikaomba samadi kwa jirani yangu mfugaji, Msukuma, mtani wetu sisi Wapimbwe. Majani yakaja. Yakajaa mpaka vifaranga vya bata vikawa vinatembea juu yake kama vinavuka barabara. Ua, hata moja.

"Mtani, hizo ni mboga?" jirani akaniuliza.

"Ni maua."

"Haya. Ukipika niite."

Zikabaki wiki mbili kabla ya misa. Sasa, kwenye jaruba mpunga ukikaribia kuiva unaukatia maji, nao ukijua mchezo umekwisha unaharakisha kuiva. Nikasema haya nayo nimeyadekeza. Nikachukua jembe, nikakata tuta la kidimbwi, maji yote yakaenda zake. Kesho yake majani yamelala topeni kama nguo zilizodondoka kambani, bata wamejipanga mlangoni wananitazama, na vyura wamehamia jikoni, mmoja yumo kwenye kikombe changu.

Mtani hakucheka hapo hapo. Alikwenda kwanza kuwaita wadogo zake, ndipo wakacheka pamoja. Halafu akashika ndoo.

"Ziba hilo tuta, Mpimbwe. Nyie mngefuga ng'ombe mngemnyima nyasi ili atoe maziwa."

Tukachota maji kutwa.

Siku ya misa likachanua moja. Moja tu, jeupe, pana kama sahani. Nikaliweka lielee kwenye beseni la maji mbele ya altare, nikakaa mbele na kitenge kipya. Misa ilikuwa saa nane, lakini padri alicheleweshwa kigango kingine, akafika saa kumi kasoro. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba yungiyungi hujifunga alasiri. Padri anahubiri, lenyewe linajikunja. Mtani, ambaye alifuata pilau tu, akajongea kwa magoti kama anasali, akalipanua kwa vidole. Akiliachia, linajifunga. Analipanua tena.

Padri akalitazama.

"Hili nalo limesinzia," akasema. "Basi nimalizie."

Na kweli akamalizia, yeye ambaye tumezoea atuhubirie mpaka miguu ife ganzi.

Wakati wa kula, akina mama wanne, kila mmoja kwa wakati wake, walinivuta pembeni kuniomba mizizi. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, ambaye misa ijayo ni kwake. Hakuuliza habari ya rangi wala samadi. Aliuliza linaanza kujifunga saa ngapi hasa.