Kiguu na Njia Amekaa

Shangazi yangu hajui kukaa. Sisemi hana adabu, adabu anayo hadi ya kuwagawia majirani. Nasema hawezi kuketi kwenye kiti akatulia. Chai anainywa amesimama dirishani. Akienda msibani, utamkuta uani anaosha sufuria za watu asiowajua. Hata kwenye cherehani yake, inayomlisha mwaka wa thelathini huu, hukaa nusu kiti, mguu mmoja tayari umetangulia nje. Mtaani wanamwita Kiguu na Njia, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Baba yangu, ambaye ndiye kaka yake mkubwa, humsihi kila mwezi tangu afiwe na mume: "Dada, funga nyumba uje kwetu, upumzike." Naye humjibu kwamba wanaopumzika ni marehemu.

Sasa nije kwenye bomba la maji. Lilipasuka juu ya dari mchana mmoja, yeye akiwa dukani anachagua vifungo. Nilipofika, maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango hadi barazani. Dari ya chumba cha kushonea ilikuwa imeangukia meza ya kukatia, vitambaa vya wateja vinaelea, na katikati ya yote shangazi alikuwa amekaa. Amekaa kabisa, juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono mapajani, machozi yanamtiririka bila sauti. Niliogopa. Dari iliyoanguka haikunitisha kama yeye alivyonitisha. Sijui nilifikiri nini, nikatoa simu, nikapiga picha, nikamtumia baba.

"Futa," alisema bila kunitazama. "Sitaki mtu anione hivi."

Nikafuta mbele ya macho yake. Kwamba nilishaituma, sikusema; usiku nikafuta na ule ujumbe kwenye simu, asije akaukuta.

Nyumba ina bima, marehemu mumewe aliikata na yeye hajawahi kukosa kuilipia. Nikapiga simu. Karani akasema tujaze fomu ya madai, tufunge maji, kisha tusiguse kitu mpaka mkaguzi aje, ndani ya siku saba. Nilipolalamika akaniambia subira huvuta heri. Nikajua hajawahi kukutana na shangazi.

Siku ya kwanza alizunguka kile chumba hadi nikaona kizunguzungu mimi niliyekaa. Siku ya pili alichukua futi yake na chaki, akapima kila doa la maji ukutani, akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: ukuta wa kushoto, urefu, upana, na pembeni, "mabega yameshuka." Siku ya tatu baba akapiga simu. Alisema bima isipolipa, dari haitarudi kabla ya mvua, na hapo mjadala utakuwa umekwisha: atakuja na gari kumchukua. Shangazi hakumjibu mzaha wowote. Alikata simu, akaanza kukunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa.

Siku ya sita mkaguzi akampigia mwenyewe: kesho, saa tatu asubuhi.

Nilifika saa mbili na nusu nikapokelewa na harufu ya chokaa. Mabaki ya dari yalikuwa yameondoka na gari la taka. Sakafu inang'aa. Ukuta mweupe pe, hauna doa hata la kusingiziwa. Shangazi ameshika ufagio, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Si mgeni anakuja? Ulitaka akute uchafu?"

"Mgeni huyu anakuja kuuona huo uchafu!"

Tabasamu likafa polepole. Akautazama ukuta, kisha ufagio, kisha mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyazoa yote.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima mpole mwenye mkoba mweusi. Alipoiona sakafu alivua viatu mlangoni.

"Hongera kwa usafi, mama," alisema. "Sasa nionyeshe palipoharibika."

Shangazi akamwonyesha mabati juu, dari ilipokuwa. Mkaguzi akatazama, akakuna kidevu. "Sikwambii unaongopa, mama. Ila ofisini wataniuliza nimejuaje kama dari ilikuwepo."

Akaletewa daftari. Alilisoma lote, akacheka kidogo kwenye mabega yaliyoshuka. "Vipimo safi sana. Lakini mwenye madai hawezi kuwa shahidi wa madai yake. Hamkupiga hata picha moja?"

"Huyu alipiga," shangazi alisema. "Nikamfutisha."

Mkaguzi akaanza kufunga mkoba. Shangazi akaenda mlangoni, akarudi dirishani, akaenda tena mlangoni. Sikuweza kuvumilia.

"Baba anayo," nikasema.

Akasimama. "Baba yako ameniona?"

"Tangu siku ile."

"Wewe mtoto!" Nilidhani ufagio unanishukia. Badala yake alininyang'anya simu, akampigia, na kwa hasira akabonyeza spika tukasikia sote.

"Kaka. Ile picha irudishe. Mkaguzi yuko hapa."

Nilijua baba anachopima. Akisema aliifuta, dada yake atahamia kwake mwezi huu huu.

"Nilipoiona sikupata usingizi," baba akasema. "Umekaa kwenye maji peke yako. Nataka uwe karibu nami, dada. Kwangu hutakosa kitu."

"Nitakosa la kufanya, kaka."

Simu ikakatika. Shangazi aliishikilia mbele yake kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona ametulia hivyo akiwa amesimama. Ndipo ikalia mlio mmoja, na picha ikaingia.

Mkaguzi akavaa miwani. Dari juu ya meza, maji yamefika vifundoni, madoa ukutani pale pale daftari liliposema, na tarehe ya siku ile imechapwa pembeni. Aliandika kwa muda mrefu.

"Inatosha, mama," akasema. "Lakini itaingia kwenye faili nzima nzima, na wewe ukiwemo. Ofisini wataiona wengi."

Shangazi akaitazama picha. Alimtazama yule mwanamke wa kwenye ndoo mpaka macho yake yakajaa tena, na safari hii hakuyaficha.

"Iingie," alisema.

Mkaguzi alipokuwa anafunika kalamu yake, shangazi akamgusa mkono.

"Andika na hapo chini," akamwambia, "kwamba sikukaa sana."

Mkaguzi akaifunua kalamu, akaandika.