Auntie alitaka kuuza mbuzi kwa sababu ya doa jeusi kwenye picha ya satelaiti

Wakuu, salamu kutoka mji wa Wote. Kazi yangu ni kuchora ramani kwa kompyuta. Hii ilinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nilipeleka picha za rada ya satelaiti kwenye baraza huko Tseikuru, Kitui. Mtu akaipiga moja picha kwa simu yake, ikazunguka WhatsApp.

Nyumba zote ziling'aa nyeupe. Shamba la Auntie Kanini, dada ya mama, lilikuwa na doa jeusi.

Kitui maneno ya kuchimba makaa ya mawe na kuhamisha watu hayaishi, kwa hivyo watu wakapata maana haraka: palipo peusi patachukuliwa.

Auntie ni mjane. Nilimkuta uani na broker wa mifugo akipapasa mbuzi migongo, kwa bei ya kutupa.

"Auntie, unahamia wapi?"

"Kwako Wote. Si ni wewe umenipaka rangi?"

Broker akacheka. Mimi sikuweza.

Nikamwomba tuingie jikoni, tukafunga mlango. Nikaweka chini sufuria ya maji, kando yake gunia lililokunjwa. Nikamulika na tochi ya simu kutoka upande, vile satelaiti hufanya.

Gunia likaonekana vizuri. Maji yakabaki meusi, mwanga wake umeruka hadi ukuta wa pili.

Nikamweleza polepole. Rada haihitaji jua. Inatuma mawimbi yake, yanapita mawingu, halafu inapokea yanayorudi. Kuta na mabati hurudisha mengi, ndiyo maana nyumba huwaka. Maji yaliyotulia huyatupa mbali, panabaki peusi.

(Uwanja laini, mkavu, pia hutoka hivyo. Ndiyo maana lazima mtu aende akaone kwa macho.)

"Sasa Auntie, maji yako wapi kwa shamba lako?"

Akaelekeza kidole upande wa bwawa. Lilichimbwa na mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi. Ardhi alitoa yeye, na jembe akashika.

Akavuta karibu simu yenye ile picha. "Hii kona imepinda ni yetu. Tulikutana na jiwe, tukalizunguka."

Akatoka nje, akamwambia broker, "Enda salama. Mbuzi wamekataa kuhamia Wote."

Nilichojifunza: ukimwachia mtu picha bila maelezo, hofu yake ndiyo itamweleza. Siku hizi sitoki kwenye baraza kabla hatujamulika sufuria.

Auntie aliomba picha kubwa, iko ukutani kwake. Wageni wakija, yeye huwaonyesha kwanza ile kona.

Kwenu je, ramani au picha ya kutoka angani imewahi kuwatia watu wasiwasi? Andikeni hapa chini, nitajibu kila mtu.