Siri za Kaka, Siri ya Dada

Niliendesha gari la familia moja ya Kipakistani pale Mirdif, katika nchi za Waarabu, kwa miaka minne, na katika miaka hiyo nilijifunza kunyamaza hadi nikajiona bingwa. Dereva wa nyumba husikia kila kitu. Madam akigombana na dada yake kwenye simu, sir akibembeleza wateja, watoto wakinuniana kiti cha nyuma, yote yanakupitia sikioni na wewe macho mbele, unajitia hamnazo. Nilikuwa nikiwacheka madereva wenzangu waliofukuzwa kazi kwa sababu ya midomo yao. Siku hizi najicheka mwenyewe, na si kicheko cha furaha.

Nyumba ilikuwa na watoto wawili wakubwa. Kijana alikuwa na miaka ishirini na tatu, amemaliza chuo, na ilisemekana anamsaidia baba yake dukani Deira, walikokuwa wakiuza vitambaa kwa jumla. Nasema ilisemekana kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka, na dukani tulikuwa tunafika saa sita mchana. Alikuwa amenyang'anywa leseni kwa kuendesha kwa kasi, na adhabu aliyopewa nyumbani ikawa ni kupewa dereva.

Binti alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wa mwisho wa usanifu wa majengo. Kila wiki alikuwa na nyumba mpya ya kadibodi aliyoijenga kwa gundi na wembe, akiipakata kiti cha nyuma kama mtoto mchanga. Nilijua matuta yote ya barabarani kati ya Mirdif na chuo chake, nikiyapanda taratibu hadi magari ya nyuma yananipigia honi. Aliniita anko, kama walivyozoea kumwita mwanamume yeyote aliyewazidi umri, lakini yeye alilisema kwa heshima.

Safari za binti zilikuwa na utaratibu wake. Nikifika chuoni nilimtumia sir ujumbe wa sauti: sir, tumefika. Tukitoka: sir, tumetoka. Tukipitia dukani kununua gundi nilitaja duka na dakika tulizokaa. Za kijana hazikuwa na ujumbe. Hakuna aliyenikataza kuzisema, ila hakuna aliyeuliza. Nami sikuona ajabu yoyote, maana mimi huyo huyo nilikuwa nikimpigia mke wangu Mombasa kumuuliza binti yetu ametoka tuisheni saa ngapi, na sikuwahi hata siku moja kuuliza mwanetu wa kiume anashinda wapi.

Alasiri moja nilikuwa nikimrudisha kijana kutoka dukani tukapitia Al Baraha. Msichana mmoja wa Kihindi alikuwa akitembea kando ya barabara na mfuko wa mboga, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, bila shaka anatoka kazini kwa fundi cherehani. Kijana akashusha kioo.

"Taratibu, anko."

Nikaenda taratibu. Akampigia mluzi, akamsifia kwa Kiurdu maneno ambayo sikuyajua yote, lakini sauti yake niliielewa vizuri. Msichana akaongeza mwendo, nasi tukaongeza. Akavuka barabara. Kijana akasema geuza, nami nikageuza. Mwishowe msichana alikimbilia ndani ya baqala, kiduka cha vyakula cha pembeni, akasimama karibu na friji ya soda akitutazama kupitia kioo cha mlango. Kijana akacheka.

"Khalas, yalla, twende."

Njiani akaninunulia shawarma. Niliila, na ilikuwa tamu.

Kesho yake mama wa jikoni, Mganda mmoja mcha Mungu tuliyekuwa tukizungumza Kiswahili naye, aliniambia kwamba kijana alikisimulia kisa kile mezani. Sir alicheka. Madam alisema "aibu gani hii" huku akimwongezea wali. Binti alinyanyua sahani yake, akaenda kumalizia chakula jikoni. Nilimwambia yule mama kwamba ni ujana tu, utapita. Aliendelea kuosha masufuria.

Miezi michache baadaye mwindaji akawa mwingine. Mshirika wa sir katika biashara ya vitambaa alikuwa na mtoto wa kiume, ambaye alimwona binti kwenye harusi moja akamwomba namba ya simu. Binti alikataa. Namba akaipata kwingine. Akawa anatuma ujumbe kutwa, akizuiwa anatumia namba nyingine, kisha akaanza kusimamisha gari lake jeupe mbele ya lango la chuo saa za kutoka. Binti alinieleza haya kwa maneno machache sana, kwa sababu tu ilinibidi nijue nimsubiri lango la nyuma, na nifike mapema.

Mbinu ile ilitusaidia wiki tatu. Wiki ya nne yule kijana wa gari jeupe akalijua lango la nyuma. Siku hiyo nyumba ya kadibodi ilikuwa ndefu, paa lake limechomoza dirishani, kioo kimeshushwa. Alikuja kwa miguu akitabasamu, akaingiza mkono, akaukamata mtandio wa binti na kuuvuta. Nilisikia kadibodi ikipondeka. Nilishuka nikapiga kelele kwa Kiswahili, Kiingereza chote kimenitoka kichwani.

"Wewe! Toa mkono wako!"

Aliuachia pole pole. Akaniambia, "Dereva, rudi kwenye kiti chako," akaenda zake.

Binti alikuwa na alama nyekundu shingoni. Hakulia. Tulipokaribia Mirdif aliniomba nisimame kidogo, akajifunga mtandio upya mpaka alama ikafichika.

"Anko, tafadhali, baba asijue. Nimebakisha muhula mmoja. Akijua hatamkataza yule. Atanikataza mimi."

"Sawa, binti yangu," nikamwambia. "Inshallah."

Inshallah hiyo ilikuwa ya kukwepa. Alipoisikia aliniangalia kwenye kioo, na nadhani aliijua.

Sasa nijieleze, ingawa maelezo hayapunguzi kitu. Mtaani kwetu Mombasa kijana akimshika msichana wa watu mtandio, wazee wawili huenda kwa baba yake baada ya swala ya alasiri. Hawapayuki. Baba huwapa viti, husikiliza, na kabla ya magharibi kijana amekwisha kupelekwa kwa kina msichana kuomba radhi. Ndivyo nilivyokumbuka. Baadaye sana ndipo nikakumbuka pia wasichana waliofungiwa ndani baada ya radhi hizo kuombwa, lakini wakati ule nilikumbuka upande mmoja tu. Niliamini hasira ya baba humwendea mkosaji. Na nisijisafishe: kulikuwa na kiherehere pia. Nilijiona mlinzi wa heshima ya nyumba ile, mwanamume mwenye amana ya binti wa watu. Nilitaka sir ajue kwamba nilishuka garini.

Nilimwambia mama wa jikoni nia yangu.

"Huyu mtoto amekuomba," akasema. "Unataka kusema kwa faida ya nani? Ya yeye ama ya wewe?"

"Ya kwake."

"Basi nenda umuulize yeye kwanza."

Sikumuuliza. Ijumaa baada ya swala, sir alikuwa kibarazani na kikombe chake cha chai, mimi nafuta gari. Nikamweleza yote, tangu namba ya simu hadi mtandio. Alisikiliza bila kunikatiza, nikadhani mambo yanakwenda kama kwetu. Kisha akaanza kuuliza.

"Alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia.

"Kioo kilikuwa chini kwa nini?"

Nikamwambia habari ya paa la kadibodi.

"Kwa hiyo wiki tatu mnatumia lango la nyuma, na mimi sijui."

Akaweka kikombe chini.

"Wewe unakuwa naye kila siku. Niambie kweli. Hawajuani hawa? Hajawahi kumchekea?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimemwona binti akijikunyata kila gari jeupe lilipotukaribia. Nilikuwa nimesikia akimwambia yule kijana kwenye simu, kwa sauti inayotetemeka, amwache asome. Jibu lilikuwa neno moja, hapana, na mtu pekee duniani aliyeweza kulitoa na sir akalisikia alikuwa mimi. Lakini niliogopa. Dereva anayemtetea sana binti wa tajiri wake huanza kuulizwa yeye mwenyewe anamjulia wapi kiasi hicho. Kazi ilikuwa yake, viza ilikuwa yake, chumba nilicholala kilikuwa nyuma ya nyumba yake.

"Mimi ni dereva tu, sir," nikasema. "Sijui."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniwekea mkono begani, akasema nimefanya vizuri kumwambia, mimi ni mtu mwaminifu. Sifa ile bado inaniwasha.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa getini na injini imewashwa. Madam akatoka peke yake, akaniambia niizime.

Yule kijana mwingine hakupatwa na lolote. Sir alizungumza na baba yake, na mimi nilikuwa usukani wakati wa simu hiyo, kwa hiyo sihadithii ya kuambiwa. Baba wa kijana alisema ni ujana, na sir, ambaye alikuwa amesaini naye shehena mpya, akakubali kwamba ni ujana. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, changu kikabaki salama na kofia yake.

Mambo yakaenda mbio. Palikuwa na binamu kwao Lahore, ambaye tangu zamani alikuwa akitajwatajwa kama mchumba, sasa akatajwa kila siku. Siku moja niliambiwa nikazitupe zile nyumba za kadibodi zilizojaa chumbani kwa binti. Nilizibeba moja moja hadi kwenye pipa la taka la mtaani, nikizishika kwa uangalifu, kitu cha kipuuzi kabisa kumfanyia mzigo wa takataka. Mama wa jikoni alinitazama kupitia dirishani. Wiki nzima alinipa chakula bila kunisemesha.

Madam nilimsikia akilia mara moja, tukiwa njiani kwenda kununua nguo za harusi. Nilikuwa naye peke yake. Alijifuta, akasema kwamba yeye mwenyewe aliondolewa chuo akiwa mwaka wa pili, kwa sababu mtu alimwandikia barua ambayo hata hakuisoma.

"Nikaapa binti yangu atamaliza," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna chochote baina ya binti yake na yule kijana, kwamba naweza kuapa. Ilikuwa nafasi yangu ya pili. Nikamuuliza kama tupite barabara ya chini au ya juu.

Siku ya safari ilikuwa asubuhi yenye jua kali. Sir alikuwa ametangulia Lahore. Niliwapeleka uwanja wa ndege binti na mama yake, na kaka mtu alikaa mbele kando yangu, akitafuna bazoka na kuchezea redio. Tulipofika, madam na kijana wakatangulia kutafuta kitoroli cha mizigo. Binti akabaki nami nyuma ya gari. Tangu ile Ijumaa hakuwa amesema nami zaidi ya salamu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga njia nzima, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Anko, kaka alipomfuata yule msichana wa Al Baraha, wewe ndiye ulikuwa unaendesha?"

"Mimi."

"Ulimwambia baba?"

"Hapana."

"Na wale wengine?"

Walikuwepo wengine, na alijua. Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Nafikiri alitaka kweli kujua, kama anayeuliza njia. Nilikuwa nimeshika sanduku lake kwa mikono miwili na yale maneno yangu ya radhi hayakufaa tena kitu, maana niliona kwamba hakuwa ameniuliza habari zake mwenyewe. Nikamjibu ukweli.

"Sikuona kama ni kosa."

Alisubiri kidogo, huenda kulikuwa na lingine nyuma ya hilo. Halikuwepo.

"Langu uliliona," akasema.

Akachukua sanduku mkononi mwangu, akalivuta mwenyewe hadi mlangoni. Hakuwa na kosa. Nilipaswa kumwambia hivyo baba yake siku aliponiuliza, na nilipaswa kumwambia yeye pale pale kabla mlango haujafunguka. Nilisimama nyuma ya gari hadi askari akanipungia mkono niondoke.