Siku Nilipofungua Mdomo Kanisani

Hii aibu sijawahi kuieleza vizuri, kwa sababu kila nikianza watu wanacheka kabla sijafika katikati, kwa hivyo leo naiandika, na mwenye kucheka achekee kwake.

Mimi ni mwenyekiti wa akina mama katika kanisa letu hapa Katangi, na ni mkali, sikatai. Ugoro niliupiga marufuku. Jirani yangu Nduku nilimkuta na kikopo chake kwa mkutano, nikakichukua nikakitupa chooni mbele ya wote. (Mimi mwenyewe nilikuwa naweka ugoro chini ya mdomo kila siku tangu niolewe, lakini mwenyekiti akifanya kitu kwa siri si ni kama hakifanyi?)

Sasa, hapo ndani ya mdomo, mahali ugoro ulikuwa unakaa, nilikuwa na kidonda. Nilisema ni muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, ulinichoma ukiwa moto. Muthokoi gani huo wa kuchoma mtu miezi mitatu, sikujiuliza.

Jumapili moja, baada ya ibada, muuguzi akaja kutufundisha juu ya kansa ya kichwa na shingo. Mimi nikatulia, kichwa changu kiko sawa, majina ya wajukuu wote nayakumbuka. Kumbe si mambo ya ubongo, ni mdomo, ulimi, koo na pua! Akasema kidonda cha mdomoni kikipita wiki tatu bila kupona, au kivimbe shingoni, au sauti ya kukwaruza isiyoisha, au kumeza kwa shida, uende upimwe. Na tumbaku na pombe ndizo huileta sana. Nikamkazia Nduku macho, na hali asubuhi hiyo, kwa vile kidonda kilikuwa kinaniuma, nilikuwa nimeweka ugoro mwingi kuliko kawaida ndiyo kitulie.

Akamaliza kwa kusema atatuangalia midomo hapo hapo, mmoja mmoja. Kwetu hakuna kitu kinaanza kabla mwenyekiti hajatangulia, hata chai. Pasta akasema, "Mwaitu, mama yetu, atakuwa wa kwanza kupimwa." Ningesema naenda msalani, yangeisha. Lakini nilisimama, na kwa kiburi changu nikaomba kuhutubia kwanza juu ya ubaya wa ugoro, nikiwa nimebana midomo kama mtu amebeba maji ndani, na nilipofika kwa maneno ya akina mama wanafiki, nikameza. Wee! Ugoro ukiumeza kanisa lote linazunguka, nikashikilia kiti, kwikwi ikanishika, muuguzi akadhani naogopa, akanishika kidevu polepole, akavuta mdomo kwa kijiti, na maji ya kahawia yakashuka mpaka kwa kitambaa changu cheupe cha uenyekiti.

Kisha Nduku akauliza, "Mwaitu, huo si ule wangu ulitupa chooni?"

"Wako ulienda," nikajibu kwa hasira. "Huu ni wangu!"

Hata pasta aligeukia ukuta, mabega yakitingika.

Muuguzi peke yake hakucheka. Alimulika tochi, akaangalia sana. "Susu," akaniita kama nyanya yake, "hiki kidonda kiko na muda gani?"

"Ni cha juzi."

"Juzi gani?" akasema Mwende, mke wa kijana wangu, kutoka nyuma. "Ulikuwa nacho tukipanda mahindi, na sasa tumevuna!"

Hapo vicheko vikaisha. Kesho yake Mwende akanipeleka hospitali, wakakata kipande kidogo wakapime, nikangoja majibu siku nyingi bila kugombeza mtu yeyote (nyumbani walidhani nimezidiwa). Ilikuwa kansa kweli, lakini bado ndogo, haijafika shingoni. Wakaitoa, wakanishona. Mdomo umeenda upande kidogo, siku hizi nikikasirika watu wanadhani natabasamu.

Daktari aliniambia wengi huja wakiwa wamechelewa. "Wewe ni nani alikushauri uje, Mama?" Ningemwambia nini, ati nilishauriwa na kwikwi? Nikasema ni kanisa.

Ugoro nimeacha na sitaurudia. Na mtu wa afya akiniambia fungua mdomo, nafungua hapo hapo, hata kama Nduku amekaa benchi la mbele.