Kiraka cha Pembe Nane

Mume wangu wanamwita Kinyaa, na jina hilo hakupewa bure. Ni fundi wa matairi anayechukia uchafu, sawa na mchinjaji anayeogopa damu. Ananawa mikono mara tatu kabla ya kula: kwanza kwa sabuni ya unga, kisha kwa sabuni ya mche, halafu kwa maji matupu huku akinusa vidole kimoja kimoja. Watoto wetu walipokuwa wachanga, kazi ya kuwasafisha ilikuwa yangu peke yangu. Yeye alisimama mlangoni ameziba pua, akitoa maelekezo. Nimeishi naye miaka ishirini na miwili na bado kuna siku natamani kumrudisha kwao.

Karakana yetu ni chumba cha mabati kando ya barabara ya vumbi. Kazi zetu nyingi ni za magari ya kupanda milima: ya machimbo ya mawe, ya shamba la miti, ya wapima ardhi. Magari hayo hayana pancha za msumari kama ya mjini. Yanapita juu ya mawe, visiki na matope, na upepo wake hutoka kidogo kidogo. Asubuhi unakuta tairi limelegea na hujui limeumia wapi. Hapo ndipo Kinyaa anapotamba. Analilaza tairi, analipaka povu la sabuni kwa brashi, anatema mate kwenye valvu, kisha anachuchumaa kimya akingoja kipovu kimoja kitokeze. Mate yake mwenyewe hayamtii kinyaa. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akanuna siku mbili.

Mimi kazi yangu ni viraka. Nakata kutoka kwenye mipira ya ndani ya matairi ya malori, ile iliyochakaa, na kila kiraka kina pembe nane. Pembe kali huwahi kubanduka, na duara mkasi wangu hauliwezi, kwa hiyo tukakubaliana pembe nane. Kila mteja anaujua wimbo wa mume wangu: "Kiraka changu hakibanduki mpaka tairi liende jalalani!"

Mdogo wangu wa kiume alijifunza kazi hapo hapo kwetu, miaka mitatu, kabla ya kuajiriwa machimboni. Kule akajifunza ile wanayoiita dawa, uji wa gundi unaomiminwa ndani ya tairi kupitia valvu. Tairi likizunguka, uji unazunguka nao na kuziba matundu. Ukiwa porini na giza linaingia, ni msaada mkubwa. Mdogo wangu aliigeuza kuwa tiba ya kila ugonjwa. Mvivu ni mvivu, hata kama tumenyonya ziwa moja.

"Dawa ni ya kukufikisha nyumbani," Kinyaa alikuwa akisema. "Sasa huyu shemeji yangu akiumwa jino, nadhani anakunywa uji."

Mwaka huu, wiki ya pili ya mvua, gari la machimbo lilikuwa linashuka mteremko na wafanyakazi saba nyuma. Tairi la nyuma la kushoto likaisha upepo, gari likainama, likaserereka na kusimama hatua mbili kutoka kwenye shimo. Hakuna aliyeumia. Dereva alipoulizwa, akasema tairi hilo lilikuwa linajazwa upepo kila asubuhi kwa mwezi mzima, na wa kulijaza alikuwa mdogo wangu.

Meneja akaja kwetu mwenyewe, viatu vyake vimejaa tope jekundu. "Mzee, njoo ulifungue tairi mbele ya watu wote, uniambie uzembe ni wa nani. Kama ni wa huyu kijana, leo leo anaondoka, na kazi ya magari yote itakuwa yako."

Kijana mwenyewe ana watoto wanne na hana kazi nyingine. Njiani nikamshika mume wangu mkono. "Baba watoto, huyo ni mdogo wangu. Ukifungua, usiseme sana."

"Nitasema nitakachokiona," akajibu, na nikaona anatembea kwa furaha. Nilimchukia.

Tairi lilikuwa limelazwa kwenye uwanja wa karakana ya machimbo, na watu wamelizunguka. Kinyaa akavaa glavu, akafunga kitambaa puani, akatoa upepo uliobaki. Harufu ikatangulia. Ilikuwa ya samaki aliyesahauliwa juani pamoja na mkojo wa paka, na watu wakarudi nyuma. Alipobandua ukingo wa tairi kwenye rimu kwa mtaimbo, ule uji ukamwagikia viatu vyake. Ulikuwa wa kijivu, umeganda mabonge kama maziwa yaliyochacha. Tulichota makopo matatu na bado haukuisha.

"Jamani, hii ndiyo kazi ya fundi?" Kinyaa akapaza sauti. "Hata nguruwe angekataa kulala humu! Mtu amefundishwa, amekula kwangu, amelala kwangu, halafu anakuja kupika uchafu huu!"

Watu wakacheka. Meneja alikuwa ameziba pua kwa leso. Mdogo wangu alisimama pembeni akiangalia viatu vyake, na kwa kweli alistahili nusu ya maneno yale. Ila Kinyaa hakuwa mtu wa kutoa nusu.

"Mama, lete tochi," akaniambia. "Tulitafute tundu lenyewe."

Nikamulika ndani. Akapangusa ukuta wa tairi kwa tambara, na chini ya uji kikatokea kiraka. Upande mmoja kilikuwa kimeinuka, na uchafu umeingia chini yake. Nikahesabu pembe, ingawa sikuwa na haja ya kuhesabu. Mkasi wangu una pengo karibu na ncha, na kila ninapokata unaacha kijino kimoja kidogo pembeni. Kijino kilikuwepo.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa miaka miwili iliyopita, kabla mdogo wangu hajaajiriwa. Tairi liliokolewa kwenye gari la machimbo lililozama bwawani, na lilikaa nje majuma kadhaa na maji ndani. Tulipolifungua tulikuta panya amevimba, manyoya yanatoka yenyewe. Mdogo wangu ndiye aliyemtoa na kushika ndoo. Kinyaa akabana pumzi, akakwangua mara mbili tatu kwa tupa, akapaka gundi na kubandika kiraka ikiwa bado mbichi, akakimbilia nyuma ya karakana kutapika. Nilimwambia hajakwangua vizuri. Akaniambia nikitaka kukwangua, niingie mimi.

"Umeona nini?" Meneja akauliza. "Kiraka? Cha nani hicho?"

Kinyaa akavua glavu. Mpaka leo sijui kwa nini aliivua. Akaweka kiganja kitupu juu ya kiraka, ndani ya ule uji, akakifunika. Mtu asiyeweza kushika nepi ya mwanawe alikuwa amezamisha mkono kwenye uozo ule ili kuficha aibu yake na kumwacha mtoto wa mama yangu aangamie. Nimeona panya waliooza, nimezibua vyoo, lakini sijapata kuonea kitu kinyaa kama nilivyomwonea mume wangu dakika ile. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti langu, lilimo kopo la viraka, nikafungua kifuniko kwa kidole nitoe kimoja nikilinganishe mbele ya wote.

Mdogo wangu akasogea na kuchungulia ndani. Viraka vyetu alivijua bila kuuliza. Akamtazama shemeji yake, kisha akamgeukia Meneja.

"Ni changu, bosi. Nilikibandika mimi."

"Basi kusanya vitu vyako," Meneja akasema.

Kijana akainama kuokota mkoba wake.

"Mwongo huyu!" Kinyaa alipiga kelele mpaka wote tukashtuka. "Huyu? Huyu mvivu hawezi kukata pembe nane hata ukimpa mwaka mzima na chakula cha bure! Mtazameni! Duara tu la dukani linamshinda kubandika!" Akainuka, mkono unachuruzika. "Kiraka ni changu, bosi. Mkasi ni wa mke wangu. Nilikibandika vibaya kwa sababu palikuwa pananuka. Nilisema nitasema nitakachokiona. Basi."

Hakuna aliyecheka.

Meneja alitutukana wote kwa zamu. Mdogo wangu alibaki kazini, kwa amri ya kufungua kila tairi la machimbo na kulisafisha dawa. Sisi tukaambiwa tusikanyage tena pale. Hata hivyo Kinyaa hakuondoka mara moja. Aliomba tupa, akapiga magoti, akakwangua mpira mpaka ukawa mweusi na mkavu, pua yake haina kitambaa. Akapaka gundi, akanyoosha mkono apewe kiraka.

"Subiri, shemeji," mdogo wangu akamwambia. "Gundi haijakauka."

Akasubiri.

Jioni ile alinawa mara moja tu, akaketi mezani.

"Bado nanuka?" akaniuliza.

"Unanuka."

"Sana?"

"Sana. Kula."

Akala. Baadaye alichukua koti langu alitundike, akasikia kitu kinachezacheza mfukoni. Akatoa kopo la viraka, kisha kifuniko peke yake. Viraka vilikuwa vimemwagika mfukoni mle.

"Mbona liko wazi?"

Nikamwambia kifuniko kimelegea siku nyingi.