Kikaratasi cha Fonie

Yaya yangu alipata asilimia sitini na mbili katika mtihani wa serikali. Mimi nilipata sabini na moja. Naanza na hesabu hii kwa sababu kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa sala yangu ya asubuhi, na bado naikumbuka kuliko mistari ya Biblia niliyofundishwa. Tulimaliza shule mwaka mmoja ingawa alinizidi umri, maana alirudia darasa. Yeye alisema ilikuwa malaria.

Kwetu Kamina mkubwa wako unamwita yaya, awe mwanamume au mwanamke, na yaya hutangulia katika kila kitu, sahani, maji ya kuoga, hata kuolewa. Kwa hiyo kanisa lilipopata nafasi moja ya msichana kwenda kusomea uuguzi Ubelgiji, na kamati ikaona kwamba wasichana wawili wenye diploma safi wanalala katika nyumba moja, walimwita baba achague. Baba alikuwa fundi wa reli, mtu wa kupima chuma mara tatu kabla ya kukikata. Siku ile hakupima.

"Mukubwa njo wa kwanza," alituambia jioni tukiwa mezani. "Muloko atafwata."

Kwetu njo ni ndiyo, na muloko ni mdogo, yaani mimi. Nilisema "ndiyo, papa" na nikamaliza bukari yangu yote, yaani ugali, ili mtu asione kitu usoni mwangu.

Karatasi zake zilichukua karibu mwaka mzima. Mwaka mzima nyumba yetu ilizunguka mtu mmoja. Mama alimshonea nguo mbili kwa kitambaa alichokuwa amekiweka kwa ajili ya sisi sote. Wamama wa kanisa wakamletea kabuti nzito ya sufu iliyotoka katika marobota ya misheni, na kila mgeni alipokuja yaya aliombwa aivae, akasimama katikati ya sebule akitoka jasho huku watu wakipiga makofi. Usiku wa kuagana wakachinja kuku. Kuku mwenyewe alikuwa wangu, nilimlea tangu kifaranga, na hakuna aliyeniuliza. Nilipewa bawa.

Watu wa reli walikuwa na permi, karatasi ya kusafiri na treni bila tiketi, ambayo majina ya familia nzima yameandikwa. Tulikwenda nayo stesheni, na karani akachukua rula akapiga mstari juu ya majina yetu yote akaliacha la yaya peke yake. Langu lilikuwa chini yake tu. Niliuona ule wino ukipita juu yangu, na siwezi kusema kwamba nilihisi wivu, hilo lilikuwa limeshapita wivu.

Treni ya Jumanne ilikuja Jumamosi. Vita ya kwanza ilikuwa imepita kwetu na kuacha mabehewa machache, na machine za kuyavuta zilikuwa zimezeeka. Tulilala siku hizo zote uwanjani hapo stesheni, juu ya mikeka, kati ya magunia ya makaa na ya mahindi ya Kaniama, mama akipika kama nyumbani. Treni ilipofika, yaya alisukumwa kuingia dirishani na valizi yake ya nguo ikafuata. Alilia. Wote walilia. Mimi nilitazama kabuti iliyokuwa imening'inia mkononi mwake nikawaza kwamba ingenikaa vizuri zaidi, kwa sababu nina mabega.

Sasa niseme juu ya kazi yangu. Wakati ule simu za Kamina zilikuwa zimekufa zamani, na aliyetaka habari za ndugu yake wa Lubumbashi alikuja kanisani kwenye fonie. Fonie ni redio ya kusema na kujibiwa. Yetu ilikuwa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mchungaji, ikila betri ya lori, na mwenye kuiendesha nilikuwa mimi, saa moja asubuhi na saa tisa mchana. Anayesema anabonyeza kitufe, na akiwa amekibonyeza hasikii kitu. Mpaka akiachie ndipo mwenzake aweze kujibu. Kila habari niliiandika kwenye kikaratasi nilichokata kutoka daftari kuukuu, nikakipeleka kwa mwenyewe. Watu waliamini vikaratasi vyangu kama wanavyoamini cheti cha ubatizo.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya tano tangu treni iondoke. Asubuhi, mchungaji akiwa bado nyumbani kwake, nikasikia sauti ya yaya.

"Kamina, Kamina, unanipata?"

"Nakupata muzuri, cinq sur cinq, yaya. Sema."

"Ambia papa nimefika Lubumbashi. Siku ine mu treni, mbili yake tulilala mu pori sababu machine ilikufa. Niko kwa ule mama wa misheni mwenye iko natengeneza makaratasi." Hakuachia kitufe, nilisikia pumzi yake. "Muloko, sikia muzuri. Miye sitaenda. Jana banatupeleka kuona avion pale uwanja wa ndege, na roho yangu imekataa. Niko naogopa sana. Ambia papa asikasirike. Miye narudia nyumba."

Akaachia kitufe ili nijibu.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka niliwaza nini, na ukweli ni kwamba sikuwaza, nilikasirika. Nafasi niliyoililia kitandani mwaka mzima, yeye anaitema kama mwiba wa samaki. Na nilijua litakalofuata: atarudi na kabuti yake, mama atamkumbatia, baba atasema maskini mtoto wangu, na kuku mwingine atachinjwa. Nafasi yenyewe itapotea, kwa sababu jina lililokuwa katika pasipoti lilikuwa lake. Mimi nitabaki kuwa muloko wa mtu aliyeogopa ndege. Nikasema moyoni, utapanda hiyo ndege hata kama utatapika njia nzima.

Nikabonyeza. "Yaya, siko nakupata. Sauti imeharibika."

Nilipoachia alikuwa ameshaanza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nikazungusha swichi ya sauti mpaka chumba kikawa kimya. Lakini fonie ilikuwa na mshale mdogo nyuma ya kioo, ambao hucheza mtu anaposema, na ule sikuweza kuuzima. Ulicheza muda mrefu. Ulitulia, ukacheza tena. Niliutazama mpaka ulipolala kabisa, kisha nikakata kikaratasi nikaandika: *Amefika salama. Atapanda ndege Ijumaa. Anawasalimu wote.*

Saa tisa sikufungua fonie. Nilimwambia mchungaji betri imechoka.

Baba alisoma kikaratasi mara mbili mezani, mara ya pili kwa sauti ya kanisani. Mama alishukuru kwa Kiluba. Kisha baba akakikunja akakitia ndani ya Biblia yake, na tukala sombe ya majani ya mihogo na samaki wa Malemba, na mimi nikala vizuri.

Ijumaa yaya alipanda ndege. Kabla ya mwezi kwisha vita ya pili ikaanza, na amri ikaja kwamba fonie zote za mjini zizimwe. Chumba changu kikafungwa kufuli. Ndipo ndege zilipoanza kuja kwetu: kubwa, za rangi ya majani makavu, zikiteremka kuelekea Base, uwanja wa jeshi nje ya mji, na askari wa nchi ambazo tulizijua kwa ramani tu. Zilipita chini chini hata mabati ya paa yalitetemeka. Watoto walikimbia barabarani kuzihesabu. Mimi niliingia ndani, nikaziba masikio, na wengine wakafikiri naogopa vita.

Barua zake zilikuja mkononi mwa wasafiri, miezi mingi baada ya kuandikwa, na mimi ndiye niliyewasomea wazazi, kwa sababu mama hakusoma na macho ya baba yalikuwa yameanza kumsaliti. Barua ya kwanza ilieleza safari yote. Katika ndege alitapika mara tatu, mama mmoja mzungu akamshikia mfuko. Walipobadilisha ndege, polisi wa uwanja walichukua pasipoti yake wakamkalisha katika chumba kisicho na dirisha tangu asubuhi mpaka jioni, bila kumwambia sababu, na aliporudishiwa ndege yake ilikuwa imekwenda. Alilala kwenye viti vya chuma, amevaa kabuti. Mama alifuta machozi niliposoma. Mimi nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu hata kwa kutapika. Nilitapika na mimi mwezi ule, homa ya kawaida, na hakuna aliyenishikia mfuko wala aliyeandika barua juu yake.

Baadaye zikaja barua za treni. Treni za huko, aliandika, zinaondoka saa tatu na dakika kumi na saba, na ukifika na dakika kumi na nane umeachwa. Aliachwa mara nyingi mwanzoni, mtu wa Kamina, alizoea kwamba treni ndiyo inayosubiriwa. Baba alicheka mpaka akakohoa, akaniomba nirudie pale. Jumamosi moja yaya alipanda treni na wenzake wa shule, wakavuka mpaka, wakala mchana katika nchi nyingine na kurudi kulala. Niliusoma mstari ule polepole. Mtu anakula mchana katika nchi nyingine.

Na mimi nilisafiri, mara moja. Katikati ya vita nilipata barua ya kuingia shule ya ualimu Lubumbashi, nikapanda treni na permi ya baba. Siku ya pili tulisimama porini. Siku ya tatu wakatuambia tushuke, mabehewa yanahitajiwa na jeshi. Nilirudi Kamina kwa miguu na nyuma ya baiskeli ya mtu, siku tano, na nafasi ya shule haikunisubiri. Njia nzima nilisema maneno mabaya juu ya yaya, kwa sauti, na mwenye baiskeli akadhani nasali.

Vita ilipopoa alikuja kututazama. Alikuwa muuguzi kamili, mwenye kazi, amenenepa kidogo usoni. Alikataa ndege ndogo ya kutoka Lubumbashi, akapanda treni, akafika na vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio, akicheka. Mimi aliniletea kabuti. Kabuti, Kamina, mwezi wa kumi, jua linapasua mawe. Nilimshukuru nikaiweka chini ya kitanda. Niliona ni dharau, na siku mbili nzima nilimjibu nusu nusu.

Siku ya tatu nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba natwanga sombe, yeye akiwa na baba sebuleni. Nilisikia baba akisema ana kitu cha kumwonyesha. Baadaye yaya akaja, akavuta kigoda akakaa karibu na kinu. Mkononi alikuwa na kikaratasi kilichogeuka rangi ya chai.

"Papa alikichunga mu Biblia," akasema. "Hii njo mwandiko yako?"

"Njo yangu."

"Siku ile nilisema mingi kupita hii."

Niliendelea kutwanga. "Sauti ilikuwa mubaya."

Hakubisha. Alianza kunisimulia bila kupandisha sauti, kama anayemweleza mgonjwa dawa zake. Yule mama wa misheni alipoona hofu yake alifungua faili, akakuta kamati ilikuwa imetuma diploma zote mbili, yake na yangu. Alisema jina linaweza kubadilishwa. Shule ingengoja miezi mitatu. Kilichotakiwa ni baba kukubali kwa fonie, siku ile ile, kabla ya saa tisa kupita.

"Nilisema ile maneno mara mbili," akasema. "Nilisema, ambia papa alete muloko. Yeye njo mwenye akili, na haogope kintu. Saa tisa tulikaa pale na ule mama mpaka jua likashuka. Kamina haikujibu. Nikafikiri papa amekataa. Nikapanda."

Nilikuwa nimeacha kutwanga. Niliuona ule mshale nyuma ya kioo, ukicheza, ukitulia, ukicheza tena. Mara mbili. Miaka sita nilikuwa nimemchukia mtu ambaye mshale wake wote ulikuwa unasema jina langu. Niliuegemeza mchi ukutani.

"Weye, ulisikia?" akauliza.

"Nilisikia nusu."

"Nusu gani?"

"Ile ya kwanza. Ya kukataa."

Alikilainisha kikaratasi kwenye goti lake. "Ile ya pili njo ilikuwa yako," akasema.

Sebuleni baba aliita, anataka kujua karatasi yake imekwenda wapi. Yaya akainuka, akapangusa machozi kwa mkono wa nguo, akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba inakuja. Nilimsikia akimwomba radhi kwa kukawia, nikasikia Biblia ikifunguliwa na kufungwa. Hakumwambia kitu, wala siku ile wala siku zilizobaki. Angeweza kumwambia. Mimi ningemwambia kabla sombe haijaiva, na hata kwa hilo nilimwonea wivu.